Sudan ya Jumatano

Kwenye taarifa ya habari ya redio ya mkoa, dunia nzima hupewa dakika mbili. Zinakuja baada ya habari za kitaifa na za mkoani, kabla ya michezo, na ndizo za kwanza kukatwa muda ukibana. Mkuu wa wilaya akihutubia kwa kirefu, dunia inabaki na dakika moja. Simba au Yanga wakisajili mshambuliaji, dunia inaondoka yote, na sijawahi kusikia msikilizaji akipiga simu kuulizia imekwenda wapi. Nimekaa kwenye kiti cha mhariri wa zamu hapa Arusha kwa miaka sasa. Kalamu ya kukata ninayo mimi, kwa hiyo sisemi haya kumsuta mtu.

Ndani ya hizo dakika mbili nina kanuni moja ambayo wenzangu wameibatiza jina la utani: Sudan ya Jumatano. Kila Jumatano, liwe liwalo, sekunde arobaini ni za vita vya Sudan. Hata pasipo na tukio. Hata kama cha kusema ni kwamba mji fulani bado umezingirwa na watu wake bado wanakula ambazi, yale makapi ya karanga yanayobaki baada ya kukamua mafuta, ambayo kwa kawaida ni chakula cha mifugo. Mhariri mkuu aliwahi kunisimamisha kwenye korido akaniuliza: "Habari gani hiyo ambayo haina jipya?" Kwa kazi yetu ni swali la haki kabisa. Korido haikutosha kumjibu, ndiyo maana naandika.

Ninayo wiki moja ya Aprili 1994 ambayo huwa naifikiria sana.

Kati ya tarehe 26 na 29 ya mwezi ule Waafrika Kusini walipiga kura, wazee waliokuwa wamekatazwa maisha yao yote wakisimama kwenye mistari isiyoonekana mwisho. Wengi tunakumbuka picha zile. Tunachosahau ni kwamba kura ile ilikuwa tunda la kufuatilia kwa miaka 35. Juni 26, 1959, kwenye mkutano London, vuguvugu la kususia bidhaa za Afrika Kusini lilizinduliwa, na mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, wakati Tanganyika yenyewe bado iko chini ya Mwingereza. Mwaka uliofuata polisi wakaua watu 69 Sharpeville. Kisha ikaja miaka na miaka ambayo, kwa kipimo cha chumba cha habari, haikuwa na jipya lolote: ubaguzi upo, Mandela yuko kifungoni, vikwazo vinajadiliwa. Lakini Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliendelea kukaa Dar es Salaam, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kikajenga shule Mazimbu pale Morogoro, na redio ya taifa ikawapa wapigania uhuru muda wa hewani wazungumze na kwao. Mtu wa Arusha wa mwaka 1975 alikulia akisikia habari za Afrika Kusini mpaka zikawa kama habari za ukoo. Na kwa taarifa tu, ukichukua ramani na rula, Khartoum iko karibu zaidi na Arusha kuliko Johannesburg.

Sasa, wiki ile ile ya kura, Aprili 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, mkoani Kagera, ndani ya muda wa saa 24 hivi. Chini ya daraja, mto ulikuwa unashusha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Mauaji ya Rwanda yalikuwa yamefikisha wiki tatu. Waandishi wengi wa kimataifa waliokuwa barani walikuwa kusini wakisubiri matokeo ya uchaguzi. Siku saba kabla, Aprili 21, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio la kupunguza kikosi chake Rwanda hadi watu 270. Kupunguza, wakati mitaa ya Kigali imejaa vizuizi vya Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu waliokuwa wakiwaua Watutsi! Nadhani serikali zile zisingethubutu kuinua mikono kirahisi vile kama kila asubuhi wananchi wao wangekuwa wanaamka na Kigali redioni. Siwezi kulithibitisha, ila naliamini.

Kamera zilikuja baadaye, Julai, kwa wingi mno. Zilikwenda Goma, mashariki ya Kongo, ambako wakimbizi wapatao milioni moja walikuwa wamemiminika na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Dunia ikalia, ndege za misaada zikatua. Ila aliyefungua televisheni siku hiyo kwa mara ya kwanza alimwona mkimbizi anayekufa kwa kuhara, akadhani ndiyo habari yenyewe. Hakujua kwamba ndani ya kambi zile, wakipanga foleni ya mahindi na maharage, walikuwamo pia waliokuwa wameshika mapanga miezi mitatu nyuma, na kwamba hao ndio waliokuwa wanaziongoza. Anayechelewa kufika haoni tu kidogo kuliko wengine. Mara nyingi huona picha isiyo yenyewe, na fedha zake huenda mkono usio wake. Sehemu ya vita vinavyoendelea mashariki ya Kongo hadi leo mizizi yake iko kwenye kambi zile.

Sisi wa Arusha mzigo huo tuliupokea kwa mlango wa nyuma, ukiwa umeshakuwa mafaili. Ndipo hapa yaliposainiwa makubaliano ya amani ya Rwanda, Agosti 4, 1993, yakavunjika mwaka haujaisha. Ndipo hapa Umoja wa Mataifa ulipoileta Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, ikakaa hadi Desemba 31, 2015. Wenye nyumba Njiro wakajifunza kutaja kodi kwa dola. Washitakiwa 93, mashahidi zaidi ya 3,000, na gharama inayotajwa kukaribia dola bilioni 2. Vijana wa mjini walipata ajira ya udereva na ulinzi, na sidhani kama ni dhambi kusema walishukuru. Lakini ukikaa ukalitazama lile jengo kwa jicho la mwandishi wa habari, ni bili. Ndiyo gharama ya kutoangalia kwa wakati wake, nayo hailipi uhai wa mtu hata mmoja.

Hata hivyo mahakama ile ilinifundisha kitu kuhusu kufuatilia, na kinatoka kwenye kesi moja ninayoirudia kila ninapopata kijana mpya wa mafunzo.

Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba, nchini Rwanda. Hati ya mashtaka yake ya mwanzo ilikuwa na mauaji na mateso, ubakaji haukuwamo. Januari 1997 alipanda kwenye kizimba cha shahidi mama mmoja ambaye jina lake lilifichwa. Katikati ya kueleza mambo mengine, akasema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu wa Interahamwe. Mtu mwenye haraka angemwambia, mama, jibu ulichoulizwa. Majaji hawakuliacha lipite. Walikuwa Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati yao. Waliuliza zaidi. Shahidi mwingine akaja na yake, watetezi wa haki za wanawake wakapaza sauti nje ya mahakama, na Juni mwaka huo hati ikarekebishwa. Septemba 2, 1998, hapa hapa mjini, Akayesu akatiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumkuta mtu na kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi nzima, na mara ya kwanza ubakaji kuhesabiwa kuwa mojawapo ya njia za kuyatenda.

Huwa nawauliza vijana: mama yule angesema lile jambo mbele ya nani, kama angekuta waliokuja kusikiliza wameshafunga daftari? Wabakaji walijua, majirani walijua, yeye alijua tangu 1994. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mpaka lifike.

Na sisi wa redio tuna sababu ya ziada ya kutosinzia. Desemba 3, 2003, mahakama hiyo hiyo iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, iliyochochea mauaji ya Rwanda, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Adhabu zao zilipunguzwa kwenye rufaa mwaka 2007, ila hazikufutwa. RTLM ilikuwa redio changamfu, yenye muziki mzuri na watangazaji wa kuchekesha. Ilikuwa inafuatilia pia, kwa namna yake: ilitaja nani kajificha wapi. Wenye nia mbaya hawakuchoka kutangaza. Waliochoka walikuwa wengine.

Turudi Sudan, maana hapa hoja yangu inapata mtihani, na mtihani wenyewe ni mgumu.

Vita vilianza Aprili 15, 2023, kati ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na wanamgambo wa RSF wa Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana zaidi kwa jina la Hemedti. Zaidi ya watu milioni 10 wamelazimika kuhama makwao. Hakuna nchi nyingine duniani kwa sasa yenye uhamaji mkubwa kiasi hicho. Mji wa El Fasher, Darfur Kaskazini, ulizingirwa kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Na hakuna awezaye kusema hakujua. Juni 2024 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2736 likiitaka RSF iache kuuzingira mji huo. Agosti 2024 baa la njaa likathibitishwa kambi ya Zamzam, jirani na mji. Mwaka 2025 picha za setilaiti zikaonyesha tuta la udongo likijengwa kuuzunguka mji wote, hatua kwa hatua, mpaka likakaribia kufunga duara. Oktoba 26, 2025, El Fasher ikaanguka. Siku mbili baadaye taarifa zikasema zaidi ya watu 460 wameuawa ndani ya Hospitali ya Saudia, wagonjwa na waliokuwa wanawauguza. Shirika la Afya Duniani ndilo lililotoa hesabu hiyo.

Kwa hiyo mtu ananiambia: si mlikuwa mnaangalia? Setilaiti ilikuwa inaangalia. Bosnia nako kulijaa kamera, na bado Julai 1995 Srebrenica waliuawa wanaume na wavulana wapatao 8,000. Kuangalia kumesaidia nini?

Sina jibu la kumfunga mdomo. Ninachoweza kusema ni kwamba waliokuwa wanaiangalia El Fasher walikuwa wataalamu wachache, na wataalamu hawapigiwi kura wala hawanunui kitu. Falme za Kiarabu zimetuhumiwa mara kwa mara kuipa RSF silaha, nazo zimekana kila mara. Tuhuma ya namna hiyo ikikaa kwenye habari siku mbili, wizara inatoa tamko na mambo yanaisha. Ikikaa miaka, inaanza kuuliza maswali kwa wauza dhahabu, kwa mashirika ya ndege, kwa timu za mpira zenye wadhamini wakubwa, na hata kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kufunga mzigo. Sisemi waache kwenda. Nasema anayeiona Sudan kuwa mbali na mifuko yetu hajaifuatilia njia ya dhahabu.

Na kuna upande mwingine ambao hauna ubishi. Oktoba 6, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimtia hatiani Ali Kushayb, kiongozi wa wanamgambo wa Janjaweed, kwa makosa 27 aliyoyatenda Darfur mwaka 2003 na 2004. Zaidi ya miaka 20! Kesi ile isingesimama kama watu wasingeendelea kuandika majina ya vijiji na kuwatafuta mashahidi, wakati ambapo Darfur ilikuwa imeshapitwa na mitindo na wasanii waliokuwa wakiiimbia wamehamia mambo mengine. Siku ishirini baada ya hukumu, El Fasher ikaanguka mikononi mwa RSF, ambayo ilizaliwa na hao hao Janjaweed. Kila nikizitazama tarehe hizo mbili pamoja nashindwa kuamua zinanitia moyo au zinanivunja.

Wasikilizaji nao wana lao. Kwenye kipindi cha simu mzee mmoja wa Ngarenaro aliwahi kunikalisha chini hewani. "Mwanangu," akasema, "Sudan, Sudan, kila siku Sudan. Hapa kwetu maji yanatoka usiku wa manane. Hilo mbona husemi?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, la maji tumelisema jana na kesho tutalisema tena." Akacheka, "Marahaba, haya endelea." Ila alikuwa na hoja. Wako watu ambao hupenda mateso ya mbali kwa sababu hayawaletei shida na mtendaji wa kata. Chombo kinachotoka machozi kwa ajili ya Darfur huku kikiogopa kuuliza bajeti ya kisima cha mtaa wa pili hakistahili kuaminiwa kwenye lolote kati ya hayo mawili. Kwangu haya hayashindani. Mwandishi aliyezoea kurudia swali moja kila wiki bila kuona haya, ndiye huyo huyo atakayerudi kwa mamlaka ya maji mara ya kumi.

Halafu yupo anayeuliza kwa nini Sudan, kwa nini isiwe Gaza, au Kongo ambayo ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya Jumuiya yako hapa mjini. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, karibu na kwetu kuliko El Fasher. Kweli tupu. Lakini redio yenye dakika mbili haiwezi kuwabeba wote. Ikijaribu, inarudi kule kule kwenye sentensi moja kwa kila msiba. Afadhali tugawane. Wewe shika Kongo, yule ashike Gaza, mimi nimeshika Sudan, na kila mmoja asiiachie yake.

Nina sababu moja zaidi, na hii nitaipitia kwa haraka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Zilikuwa siku zile zile ambazo habari za hospitali ya El Fasher zilikuwa zinatoka, na mimi nilikuwa sizioni. Ndugu zetu walioko Nairobi na Ulaya ndio waliokuwa wanatafuta habari zetu, wakibishana na wahariri wa huko ambao walitaka kujua kama kuna jipya. Aliyekuwa Arusha wiki ile hahitaji nimweleze zaidi. Kwa mara moja sisi ndio tulikuwa nchi ya mbali.

(Mabano kidogo: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Tangu ilipoanza kutumika, Novemba 2020, hatua ya Tanzania ya kujiondoa kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi kufungua kesi moja kwa moja, mwananchi anaweza kupita mbele ya geti lake kila asubuhi akienda kazini, ila mlango wa kuingilia na shauri jipya hana.)

Sasa sekunde arobaini zina nini ndani yake? Mara nyingi nakwepa mkutano wa kidiplomasia, kwa kuwa mikutano inafanana na msikilizaji anaisahau kabla haijaisha. Natafuta jina la mji na kitu kimoja cha kushikika. Redio Dabanga, inayoendeshwa na Wasudani wakiwa uhamishoni Uholanzi, ni msaada mkubwa, maana wao huandika hata bei za sokoni. Wakati mwingine ni majiko ya mitaa, takaya kama wanavyoyaita wenyewe, ambako vijana wa kujitolea wanapika dengu kwenye masufuria makubwa kwa ajili ya mtaa mzima. Mengi yalifungwa mapema 2025 baada ya Marekani kusitisha misaada. Novemba niliandika hivi, na nanakili kama ilivyosomwa:

"Wataalamu wa kimataifa wa kupima njaa wamethibitisha kuwa baa la njaa limeingia miji miwili ya Sudan, El Fasher na Kadugli. El Fasher ilitekwa na RSF mwezi uliopita. Kadugli, katika Kordofan Kusini, bado imezingirwa. Wiki ijayo tutaitazama Kadugli."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyomkera mhariri mkuu: unaahidije habari ambayo haijatokea? Ndiyo nia yangu. Macho ya dunia yalikwenda El Fasher ilipokwisha kuanguka. Kadugli ilikuwa bado imesimama.

Mwenzangu mmoja, dada anayefanya kazi redio nyingine kule Moshi, ameichukua Kongo kila Ijumaa. Tunatumiana sauti na namna ya kutamka majina ya miji. Juzi alinipigia akiwa na wasiwasi wa kazi: kampuni ya vinywaji inataka kununua muda ule ule, na mkurugenzi wake ameshaanza kuuliza Kongo inaingiza shilingi ngapi. Nilimwambia asiwauzie ule wa Kongo. Awauzie wa kabla yake, na awaambie ukweli, kwamba muda huo watu wameongeza sauti kwa sababu wanasubiri michezo. Amesema atajaribu.